Tumemuua moma shambani: je, mwenzake atakuja?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa korosho Newala. Juzi tukiwa tunaokota, mke wangu alinyoosha mkono kwenye majani makavu chini ya mkorosho akasikia kitu kinapuliza kwa nguvu. Kumbe moma, mnene kama mkono wangu. Vijana walimponda kwa magongo, wakamkata kichwa, wakamchoma moto. Baba mkwe alipopata habari alikasirika. Anasema nyoka huyo ana mwenzake na lazima atakuja kulipiza kisasi, tena huenda hakuja mwenyewe, katumwa. Tangu hapo mke wangu hataki kukanyaga shambani, na msimu ndio huu. Naomba unisaidie: kweli mwenzake atakuja? Tukikutana na mwingine tumuue au tumwache? Na nikimwaga salfa kuzunguka nyumba watakimbia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe mama watoto pole yangu, na usimcheke. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye hakuumwa, lakini aliponea chupuchupu, na hofu ya namna hiyo haitoki kwa kuambiwa "jikaze".

Nianze na linalomnyima usingizi. Hapana, hakuna mwenzake anayekuja. Moma hana mume wala mke. Dume na jike hukutana msimu wa kupandana, wakimaliza kila mmoja anashika njia yake, na hakuna anayejua wala kujali mwingine kafia wapi.

Ila baba mkwe wako hakuokota maneno hayo barabarani. Wazee waliona kitu, wakakieleza kwa namna yao. Jike aliye tayari kupandwa huacha harufu anapopita, na dume huifuata harufu hiyo kwa ulimi wake hadi amfikie. Ukimuua jike huyo leo uani kwako, kesho au keshokutwa dume anaweza kufika palepale pa kumwaga damu. Anayemtazama ataapa kwamba amekuja msibani. Halafu kuna jambo la pili: moma hatagi mayai kama chatu, anazaa vitoto vilivyo hai, kwa kawaida 20 hadi 40 kwa uzao mmoja. Jike mmoja mwenye asili ya Kenya, aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Cheki, alizaa 156 kwa mpigo. Vitoto hivyo vinatawanyika siku hiyohiyo, kila kimoja na meno yake na sumu yake. Sasa ukiua moma mkubwa, wiki mbili baadaye ukaona wawili wadogo kwenye shamba lilelile, utasema nini? Utasema ukoo umekuja kudai damu. Ukweli ni kwamba walikuwapo, au watakuja, kwa sababu ya panya. Panya wako shambani kwako kwa sababu ya nafaka na takataka. Kilichomleta wa kwanza bado kipo.

Kwa hiyo usimbishie mzee mbele ya watu. Mwambie: baba, umesema kweli kwamba wengine wanaweza kuonekana hapo hapo, na mimi nitapasafisha. Utakuwa hujasema uongo, na yeye hutakuwa umemvunjia heshima.

Hilo la kutumwa ni gumu zaidi, na sina nia ya kubishana na imani ya mtu. Ninachogombana nacho ni saa zinazopotea. Mtu akishaamini kwamba nyoka aliyemuuma ametumwa na jirani, safari ya kwanza inakuwa kwa mganga, kwamba kule hospitali hawana dawa ya nyoka wa kutumwa. Anakaa kwa mganga usiku kucha, anachanjwa, anapakwa, na asubuhi mguu umejaa malengelenge meusi ndipo bodaboda inatafutwa. Nimewapokea wengi wa namna hiyo. Sumu ya moma haina habari na aliyeituma. Inaendelea kula nyama wakati watu wanatafuta mchawi. Basi kubalianeni nyumbani mapema, kabla hakijatokea kitu: anayeumwa anaenda hospitali kwanza, mambo mengine yatafuatiliwa akiwa kitandani na dripu mkononi.

Wala si kila mahali nyoka ni adui wa kupigwa magongo. Kule Usukumani wako Bayeye, chama cha wacheza nyoka, ambao hucheza na chatu, moma na swila mbele ya umati, na ujuzi wao wanarithishana ndani ya chama. Kule Nyakach, upande wa Kisumu nchini Kenya, chatu aitwaye Omieri huhesabiwa kuwa mgeni wa heri, analeta mvua na mavuno. Mwaka 1987 Omieri aliungua moto na wanakijiji wakaomboleza kama wamefiwa. Mwaka 2003 alipoonekana chatu mwingine akiatamia mayai, magazeti yalijaa habari zake na watu walisafiri kwenda kumtazama. Na sisi wa Pwani tunajua wazee ambao wakimkuta nyoka ndani ya nyumba humtaka kwanza aondoke, kwa kufuata hadithi ya Mtume kuhusu kuwaonya nyoka wa majumbani siku tatu. Siwataji hawa ili nawe umwekee moma maziwa. Nawataja kwa kuwa kijana wa leo anadhani kumponda kila nyoka ndiyo mila yetu tangu enzi na enzi, na si kweli.

Sasa tumtazame huyo moma mwenyewe, ambaye wengine humwita kifutu na Wakenya wengi bafe. Nyoka karibu wote wakisikia kishindo cha mtu wanatoweka hata hujui kama walikuwapo. Koboko ndiye hodari wa kukimbia, pamoja na sifa zake zote mbaya. Moma hakimbii. Maisha yake yote ni kulala kimya kwenye majani na kungoja panya apite, na anaweza kukaa mahali pamoja siku kadhaa. Mgongo wake una alama za rangi ya majani yaliyooza na kivuli, na ukimtazama ukiwa umechuchumaa chini ya mkorosho, huoni nyoka, unaona takataka. Hata harufu hana ya kumtaja. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mbwa waliofundishwa kunusa nyoka walishindwa kumgundua moma aliyetulia. Kwa hiyo usitegemee mbwa wako atangulie.

Hiyo ndiyo sababu moma huuma watu wengi kuliko nyoka wenye sumu kali kumzidi: tunamkanyaga. Na hata hivyo, mara nyingi huwa anaonya. Ile pumzi aliyoisikia mkeo ilikuwa onyo. Moma anajaza mapafu hewa, mwili unavimba, anaitoa kwa nguvu. Akishapuliza hivyo, ameshakwambia yuko wapi, na kuanzia hapo hatari imepungua sana, ili mradi usimfuate. Anaruka kwa kasi ya ajabu, lakini si mbali, kama nusu ya urefu wake tu, na moma wengi hawafiki hata mita moja na robo kwa urefu. Ukiwa hatua tatu kutoka kwake, hawezi kukufikia. Anatembea polepole kwa kujivuta kwa tumbo, mstari mnyoofu kama kiwavi. Mtoto wa darasa la kwanza anampita kwa mwendo.

Umeniuliza kuua au kuacha. Nyoka uliyekwisha kumwona si tatizo lako kubwa. Tatizo ni yule ambaye hujamwona. Watu wanaoumwa baada ya nyoka kuonekana karibu wote ni wale waliokwenda kumpiga, kumshika, au kujionyesha mbele ya wenzao. Kijana anachukua kigongo kifupi, anainama ili apate shabaha, na mkono wake unaingia mule mule ambamo moma anafika. Tena vijana wako walikata kichwa. Hilo lisirudiwe. Kichwa cha nyoka kikishatenganishwa na mwili kinaweza kuuma kwa muda mrefu baadaye, hata saa nzima. Nilimtibu kijana aliyekiokota kichwa cha moma kwa vidole viwili ili awaonyeshe wenzake meno. Taya likafunga kwenye kidole gumba. Kidole hicho leo hakikunji.

Shambani, basi, mwacheni. Mkisikia pumzi, kila mtu asimame palepale alipo. Usiruke, maana hujui unarukia wapi. Tafuta kwa macho sauti inatoka wapi, kisha rudi nyuma kwa njia uliyojia. Wekeni kijiti kirefu chenye kitambaa karibu na mkorosho huo, okoteni kwingine, rudini kesho. Ndani ya nyumba yenye watoto ni habari nyingine na sitakudanganya. Fungua mlango wa nje, toa watoto na mbwa, mtu mmoja abaki mbali akimtazama nyoka asipotee machoni, na mwenyekiti wa kijiji au ofisa wanyamapori aitwe kama yuko karibu. Asipokuwapo mtu wa kumtoa na nyoka ameingia chini ya kitanda usiku, sitamlaumu baba aliyemuua kwa mti mrefu. Nitamlaumu aliyetumia jembe la mpini mfupi.

Newala kwenu si moma peke yake. Uwanda wa Makonde una sifa ya nyoka tangu zamani. C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyekuwa bwana nyama kule Liwale kabla ya kuhamia Newala, alijulikana kote kusini kwa jina la Bwana Nyoka. Aliwakamata nyoka kwa maelfu, akiwauza kwa bustani za wanyama na maabara, hadi alipofariki mwaka 1968. Kilichomweka Newala ni wawili hasa. Mmoja ni binamu mkubwa wa moma, mnene zaidi, kichwa kipana, mgongo umepambwa kama zulia. Ana meno marefu kuliko nyoka yeyote duniani, yanafika sentimita 5, lakini ni mpole kiasi kwamba watu humkanyaga asifanye kitu. Upole huo usiujaribu. Wa pili ni koboko wa kijani, anayekaa juu kwenye miembe na mikorosho. Huyu sumu yake ni ya kusimamisha pumzi, ila ni mwoga, haji chini bila shida, na kumuuma mtu ni nadra. Mkiwa mnapogolea matawi tazameni juu kabla ya kupanda, basi inatosha.

Yuko pia nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, dume lake mara nyingine la kijani, ambalo wengi huliona wakadhani ni ukukwi asiye na madhara. Kuhusu huyu nina kisa kimoja cha kweli ambacho wanafunzi wangu lazima wakisikie. Mwaka 1957 kule Chicago, mtaalamu mkubwa wa nyoka, Karl Schmidt, aliumwa kidole gumba na mtoto wa nyoka huyu aliyeletwa kutoka Afrika ili atambuliwe. Jeraha lilikuwa dogo, akalidharau. Akapanda treni kwenda nyumbani, akawa anaandika kwenye daftari anavyojisikia: kichefuchefu, homa, damu kwenye fizi. Asubuhi akala kifungua kinywa, akapiga simu kazini kwamba anaendelea vizuri. Mchana wa siku hiyo akafa, damu ikiwa imevuja ndani ya mwili. Sumu hiyo huharibu kuganda kwa damu, na inafanya kazi yake taratibu. Ndiyo maana mtu aliyeumwa na nyoka yeyote asiyejulikana tunamlaza hospitali saa 24 hata akisema ni mzima.

Swila, yule anayetema sumu, nitamsema kwa ufupi. Akikutemea machoni, osha kwa maji mengi safi mfululizo dakika 15 hadi 20, usisugue, kisha nenda ukapimwe macho. Sumu hiyo kwenye ngozi isiyo na jeraha haikufanyi kitu. Usiku huingia majumbani akifuata panya na vyura, na anaweza kumuuma mtu aliyelala chini kwenye mkeka. Kitanda, na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, vinasaidia kuliko dawa yoyote ya kunyunyiza.

Akiumwa mtu je? Hapa ndipo naomba usome mara mbili.

Mwondoe aliyeumwa mahali nyoka alipo, mkalishe au mlaze. Mvue pete, bangili, shanga za mguuni na viatu mara moja, kabla hajavimba, maana pete ikishabanwa na uvimbe kidole kinakufa. Usifunge kamba. Kamba inaweza kumfanya mtu akatwe mguu: inazuia damu, sumu inakaa pale pale ikila nyama, na siku inapofunguliwa mguu umeshakufa. Usichanje kwa wembe, usinyonye, usimwage mafuta ya taa, usimpe pombe. Tuliza kiungo kilichoumwa kwa kukifunga kwenye ubao au fimbo, kama aliyevunjika mfupa. Asitembee. Bodaboda inafaa sana: mgonjwa akae katikati, mwingine amshike kwa nyuma asianguke. Chukua kalamu, chora mstari mahali uvimbe ulipofika na uandike saa juu ya ngozi. Daktari akiuona mstari huo anajua sumu inakwenda kwa kasi gani. Kope zikianza kulegea, sauti ikawa nzito, akashindwa kumeza mate, hiyo ni sumu ya jamii ya koboko na swila wasiotema. Mlaze ubavu, na akikata pumzi mpulizie mdomoni mpaka mfike.

Kumsaka nyoka ili apelekwe hospitali hakuna haja. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na hata isipokuwapo tunatibu kwa dalili. Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho zahanati yoyote inaweza kukifanya: damu kidogo inawekwa kwenye kichupa cha kioo kikavu na kisafi, kinaachwa kimya dakika 20 bila kutikiswa, halafu kinalazwa. Damu ikitiririka kama maji, haigandi, na mgonjwa huyo anahitaji antivenomu haraka.

Antivenomu ndiyo dawa pekee ya sumu yenyewe. Inatengenezwa kwa kumchanja farasi sumu kidogo kidogo, kisha kinga iliyomo kwenye damu yake inasafishwa. Kwa sababu inatoka kwa farasi, mwili wa mtu unaweza kuikataa ghafla, kwa hiyo inatiwa kwenye mshipa hospitalini, penye adrenalini karibu, na si kila aliyeumwa hupewa. Nyoka mara nyingi huuma bila kutia sumu, na nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Hapo ndipo jiwe jeusi la nyoka lilipopata umaarufu wake. Jiwe lile ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwenye jeraha kwa kuwa ni kavu na lina vitundu vidogo, na likijaribiwa maabara halizuii sumu. Lakini ukilibandika kwa watu kumi ambao nusu yao hawakutiwa sumu yoyote, utakuwa na mashahidi watano wa kuapa kwamba liliwaponya.

Tatizo ni upatikanaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Mwaka 2017 liliuingiza ugonjwa wa sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030. Huku vijijini bado kuna vituo ambavyo havina hata chupa moja. Usingoje kuumwa ndipo uulize. Kabla msimu haujachanganya, nenda au piga simu hospitali ya wilaya, na hospitali ya Ndanda pia, uliza antivenomu ipo au haipo na usiku nani yuko zamu. Namba hizo zibandikwe ukutani, na dereva mmoja wa bodaboda akubali kuamshwa saa yoyote.

Kuhusu shamba, kazi ni ileile ambayo mkulima mzuri wa korosho huifanya hata kama hakuna nyoka: kufagia chini ya mikorosho kabla ya kuanza kuokota. Moma juu ya udongo mtupu anaonekana. Kwenye majani haonekani. Palipobaki majani, pekua kwa fimbo ndefu kabla ya mkono kuingia, na mwokotaji avae gambuti, si kandambili. Mabibo yasirundikwe yakaoza karibu na nyumba, na magunia yawekwe juu ya chaga. Anayekwenda chooni usiku abebe tochi, awe mtu mzima au mtoto. Mkeo aanze na upande ambao umeshafagiwa, na wewe utangulie na fimbo siku chache za mwanzo, hadi mwenyewe aseme inatosha.

Salfa? Ina kazi yake, kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nyoka anapita juu yake bila wasiwasi, sawa na vitunguu saumu, oili chafu na tairi za kuchomwa. Inachowasha ni macho na vifua vya watoto wako. Ipulizie mikorosho.